Karo, kokoto na matete: tathmini ya mfumo wa majitaka tulioununua kwa ajili ya shule na zahanati ya kijiji

Kwa misimu mitano ya mvua sasa, shule yetu ya sekondari ya bweni pamoja na zahanati ya kijiji iliyo jirani, katika nyanda za juu za Mufindi mkoani Iringa, zimekuwa zikitumia mfumo mmoja wa kutibu majitaka ambao tuliununua kwa mkandarasi wa mjini kama mtu anunuavyo mashine ya kusaga: tulionyeshwa picha, tukaahidiwa mengi, tukalipa kwa awamu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya ujenzi na ndiye niliyetia saini hati ya makabidhiano, na tangu siku hiyo ufunguo wa uzio wa mfumo unakaa kwenye droo ya meza yangu. Walimu wakuu wa shule za jirani na viongozi wa vijiji viwili wameniuliza mara kadhaa kama kitu hiki kinafaa. Kinafaa, tena sana. Lakini kile tulichouziwa kwa jina la "mfumo usiohitaji mtu" hakipo, na gharama ya kuamini maneno hayo tumeilipa wenyewe.

Kabla yake tulikuwa na vyoo vya shimo. Shule imejengwa kwenye mteremko unaoishia bondeni, na chini ya bonde hilo ndiko viliko vinyungu, yaani bustani za bondeni, ambavyo akina mama wa kijiji hulima mboga, maharage na mahindi ya kuchoma wakati wa kiangazi. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo maji ya ardhini hupanda kiasi kwamba shimo lililochimbwa futi kumi hubaki na futi nne tu za kutumika. Kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, ilitusukuma kujenga vyoo bora vya kumwagia maji, vyenye vigae sakafuni na milango inayofungika, nasi tukajivunia. Hakuna aliyeuliza maji hayo yatakwenda wapi. Yalielekezwa kwenye shimo moja kubwa la kunyonya maji, na mvua za pili zilipofika shimo likagoma kunyonya, likaanza kutema kando ya njia ambayo wajawazito hupita kwenda kliniki.

Walikuja wauzaji watatu. Wa kwanza alipendekeza mabwawa matatu yanayofuatana: la kwanza la kina kirefu lisilo na hewa, la pili ambamo mwani na jua hufanya kazi, na la tatu la kina kifupi kwa ajili ya kupunguza vimelea. Ni teknolojia ya kuaminika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa ya aina hiyo kwenye kampasi yake ya Mlimani. Lakini yanataka eneo kubwa la tambarare, na sisi tambarare tuliyo nayo ni uwanja wa mpira. Wa pili alileta picha za mtambo wa chuma unaopuliza hewa ndani ya majitaka kwa kutumia umeme. Nilimuuliza itakuwaje umeme ukikatika siku mbili, akajibu tununue jenereta; nilipomuuliza mafuta ya jenereta yatatoka kwenye fungu gani, mwenyekiti akaagiza chai. Wa tatu ndiye tuliyemchukua. Yeye aliuza kitu kisicho na mota wala pampu, kinachotegemea mteremko peke yake: karo la kutulizia, kisha karo la pili lenye kuta nyingi, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Mifumo ya jamii hii si migeni nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuijaribu miaka ya 1990, na hapa hapa mkoani Iringa ilijengwa katika Chuo cha Ualimu Kleruu na Shule ya Sekondari Ruaha.

Namna unavyofanya kazi ni vyema ieleweke kabla ya kusifia au kulaumu, kwa sababu karibu kila kosa lililotupata lilitokana na mtu kutojua kipande fulani kipo kwa ajili gani. Majitaka kutoka mabweni, jikoni, nyumba za walimu na zahanati hupita kwanza kwenye chemba yenye chujio la nondo, ambalo hushika matambara, mifuko na vijiti. Yakishapita hapo huingia kwenye karo lenye vyumba viwili, ambamo hutulia: vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kufanya ganda juu, na maji ya katikati ndiyo yanayoruhusiwa kuendelea. Karo la pili lina vyumba vinne vilivyotenganishwa kwa kuta, na kila ukuta hulazimisha maji kushuka hadi chini na kupanda tena kupitia tope lililojaa bakteria wasiohitaji hewa, ambao hula uchafu ulioyeyuka. Mwisho maji huingia kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60 na mteremko wa asilimia 1, yakatambaa polepole chini ya kokoto bila kuonekana, hadi kwenye chemba ya kutokea. Kwa kuwa maji hukaa sentimita kadhaa chini ya uso wa kokoto, mbu hawapati pa kutagia, na hilo ni jambo ambalo mabwawa yasingetuhakikishia.

Wageni wengi hupenda matete, nasi wenyewe tulipiga picha nyingi mbele yake. Matete hayali uchafu kwa kiwango ambacho watu hudhani. Kazi kubwa hufanywa na bakteria walioshikamana na kokoto na mizizi, na matete huwapa makazi, huzuia kokoto zisizibe upesi na hupeleka hewa kidogo chini. Kilichonifurahisha mimi ni kitu kidogo kuliko matete: kiwiko cha bomba kwenye chemba ya mwisho. Ukikiinua, maji hupanda ndani ya kitanda kizima, ukikilaza, hushuka. Magugu yalipovamia mwaka wa kwanza, tulikiinua hadi maji yakafunika kokoto kwa siku chache, magugu yakafa kwa kukosa hewa na matete yakabaki yanacheka, kisha tukakilaza tena kabla mbu hawajapata nafasi. Kipande cha bomba cha bei ya kawaida dukani kilifanya kazi ambayo vibarua watatu wangeifanya kwa wiki nzima.

Sasa niingie kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo tulipodanganywa, au tuseme tulipojidanganya. Watu wanaotumia mfumo huu ni takribani 320. Tukichukua lita 40 kwa mtu kwa siku, yanaingia majitaka lita 12,800 kila siku. Karo la kutulizia lina ujazo wa lita 26,000, maana yake maji hukaa humo kama siku mbili kabla ya kuendelea, muda unaotosha kabisa. Lakini wahandisi hukadiria kwamba mtu mmoja huacha karibu lita 40 za tope karoni kwa mwaka, na 40 mara 320 ni 12,800 ileile. Kwa maneno mengine, kila mwaka unaopita, tope hula nafasi ya maji ya siku nzima. Mwaka wa kwanza ukiisha, maji yanapata siku moja tu ya kutulia. Mwaka wa pili ukiisha, hayana pa kutulia, na uchafu mzito unapita moja kwa moja kwenda kwenye karo la kuta na kisha kwenye kokoto. Likizo za wanafunzi huongeza miezi kadhaa ya nafuu, lakini haziwezi kugeuza miaka miwili ikawa mitano. Kitabu tulichokabidhiwa na mkandarasi, chenye kurasa nne na picha ya jalada yenye rangi nzuri, kiliandika "kunyonya tope: kila baada ya miaka mitano". Hesabu hii inahitaji kalamu na dakika mbili, na hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya, ingawa katika kamati kulikuwa na walimu wawili wa hisabati.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa kiwango cha katikati. Kuta ni imara, lipu ni nzuri, mifuniko ya zege imekaa sawa. Hata hivyo siku ya makabidhiano niliomba karo lijazwe maji safi na kuachwa usiku kucha, nikaweka alama ya chaki ukutani kwa ndani, chini kidogo ya mfuniko. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole vitatu. Fundi akasema saruji mpya hunywa maji, jambo ambalo ni kweli kwa usiku wa kwanza. Usiku wa pili yakashuka vilevile, na usiku wa tatu, tukagundua bomba la kuingilia lilikuwa limepitishwa ukutani bila kuzibwa vizuri kwa nyuma. Walirekebisha bila kinyongo, na ninawapa haki yao kwa hilo, ila nisingeomba jaribio hilo, majitaka ya shule yangekuwa yanaingia kimyakimya ardhini juu ya vinyungu hadi leo.

Kokoto zilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Mkataba ulitaka kokoto zilizooshwa, za ukubwa wa milimita 8 hadi 16, na mawe makubwa mahali maji yanapoingilia. Lori lilileta mchanganyiko wa machimboni, wenye vumbi jeupe lililoganda kama unga kwenye kila jiwe. Vumbi hilo likiingia kitandani hujaza nafasi kati ya kokoto, na kitanda kilichozibwa ni sanduku la mawe tu. Vibarua walikaa na makarai kando ya bomba la kijiji wiki tatu wakiosha kokoto karai kwa karai, kwa malipo yetu, huku mkandarasi akiendelea kutukumbusha awamu ya tatu ya fedha zake. Baada ya hapo wakapanda matete mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, kabla majitaka hayajaanza kuingia. Yakakauka yote. Mwezi wa kumi na mbili mzee wetu wa bustani alishuka bondeni na panga, akachimba vipande vya mizizi vyenye macho, akapanda vinne kila mita moja ya mraba, na kufikia mwezi wa tatu kitanda kilikuwa kijani tupu. Mzee huyo ndiye baadaye akawa mtunzaji wa mfumo, na kama kuna sehemu ya mradi huu inayostahili nyota tano, ni yeye.

Jikoni kulitufundisha mengi. Chakula cha wanafunzi ni ugali na maharage siku nyingi za juma, na masufuria ya ugali hubaki na ukoko. Wapishi walikuwa wakiloweka masufuria, kisha wanamwaga ukoko pamoja na maji kwenye sinki la nje. Ndani ya miezi minne mtego wa mafuta, kisanduku cha zege kilichowekwa kabla ya bomba la jikoni kuungana na mengine, ulikuwa umejaa kitu cha rangi ya krimu, kizito, kinachonuka uchachu kama pombe iliyosahaulika. Mkandarasi hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kisanduku kile kinafunguliwa kila wiki. Siku hizi ukoko hukwanguliwa kwanza na kupelekwa kwa nguruwe wa mmoja wa wapishi, mtego unasafishwa kila Jumamosi, na mpishi mwenye nguruwe ndiye mkali kuliko wote anapoona mtu anamwaga ukoko sinkini.

Kwenye bweni la wasichana tatizo lilikuwa taulo za kike. Chujio la nondo lilikuwa likiziba kila wiki, na mzee alikuwa akizitoa kwa reki bila kusema neno, kwa heshima yake na kwa haya yake, hadi siku moja aliponiambia, "Mwalimu, mimi hizi siwezi kuzisemea, zungumza na matroni." Matroni alipoulizwa alitujibu kwa swali: wasichana wanapewa mahali gani pengine pa kuzitupa? Hapakuwa na mahali. Tukajenga kichomea taka kidogo nyuma ya bweni na kuweka ndoo yenye kifuniko katika kila choo. Chujio likatulia. Michoro ya mkandarasi ilikuwa na kila kipimo cha bomba, lakini haikuwa na ndoo.

Baridi nayo haikuwamo kwenye michoro. Bakteria wasiohitaji hewa hupenda joto, na mfumo unaofanya vizuri Dar es Salaam au Morogoro hautafanya vivyo hivyo Mufindi, ambako usiku wa Juni na Julai nyuzi za joto hushuka chini ya 10. Katika miezi hiyo tope huoza polepole, na maji yanayotoka kwenye karo la kuta huwa na rangi ya kijivu na harufu ya yai viza. Kiangazi cha pili harufu hiyo ilifika hadi darasa la kidato cha kwanza. Tulichofanya ni kuongeza mabomba ya kutolea hewa, yanayopanda juu kuliko paa, na kufukia udongo kuzunguka kuta za karo ili zishike joto. Zote mbili ni kazi za fundi wa kijiji kwa siku nne. Kama ningekuwa mnunuzi wa leo ningemuuliza muuzaji yeyote swali moja kabla ya yote: umekadiria joto la maji kuwa nyuzi ngapi, na umelitoa wapi?

Hiyo harufu ya yai viza si ya kudharauliwa. Ni gesi ya salfidi hidrojeni, na hatari yake kubwa ni kwamba ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, mtu akadhani imeisha kumbe ndiyo imemzunguka. Siku tuliyofungua karo kwa mara ya kwanza, kijana mmoja aliyekuja na wanyonyaji tope alivua viatu akitaka kushuka ndani kulegeza tope kwa jembe. Mzee wetu alimshika mkono na kukaa juu ya ukingo wa karo, miguu ikining'inia nje, akakataa kuondoka. Kazi ilifanyika kutoka juu, kwa mti mrefu na maji ya shinikizo, ikachukua saa mbili zaidi.

Nirudi bondeni, kwa sababu huko ndiko tathmini ya kweli ya mfumo huu inakofanyika. Maji yanayotoka kwenye chemba ya mwisho ni maangavu. Nikiyatia kwenye chupa ya kioo na kuweka gazeti nyuma yake, ninasoma maandishi madogo bila shida. Kiwango cha Tanzania cha majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira, TZS 860, hakiruhusu zaidi ya miligramu 30 kwa lita za kile wataalamu wanachokiita BOD, yaani oksijeni ambayo viumbe hutumia kwa siku tano wakila uchafu uliomo majini. Sampuli tulizopeleka maabara miezi ya joto zilipita kipimo hicho. Ya Julai haikupita. Kwa upande wa vimelea hakuna hata moja iliyokaribia kiwango cha kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, ambacho Shirika la Afya Duniani liliwahi kukiweka mwaka 1989 kuwa kolifomu 1,000 za kinyesi, yaani bakteria wanaoonyesha kwamba maji yameguswa na kinyesi, katika mililita 100. Kitanda cha kokoto hupunguza vimelea, hakivimalizi. Maji maangavu yanaweza kuwa na kolifomu nyingi kuliko uwezavyo kuamini kwa kuyatazama.

Akina mama wa vinyungu hawakuwa na habari ya kolifomu. Walichokiona ni kwamba mwezi wa tisa, vijito vikiwa vimesinyaa, kuna bomba linalotoa maji safi mchana na usiku. Mmoja wao, mama mtu mzima ambaye kinyungu chake kipo karibu zaidi, alikuwa amechimba mfereji mwembamba kutoka kwenye chemba yetu hadi kwenye tuta lake la kabichi na nyanya. Nilimkuta asubuhi akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya maji yenu ni mbolea tupu, tazama kabichi."

Kabichi zilikuwa kubwa kweli. Nilimweleza, naye alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akaniuliza kama kabla ya mfumo huu kujengwa, choo chetu kilipokuwa kinatapika njiani, maji yale yalikuwa yanakwenda wapi. Yalikuwa yanakwenda kwenye kinyungu chake. Sikuwa na jibu la kumshinda. Tulikubaliana, baada ya mikutano miwili na mwenyekiti wa kitongoji, kwamba maji yataelekezwa kwenye miche ya parachichi ya shule na ya kwake, kwa mifereji inayopita kwenye shina na si juu ya majani, na kwamba mboga za kuliwa mbichi zitaendelea kumwagiliwa kutoka kwenye kijito cha juu. Parachichi zimekubali. Sijui kama mama huyo ameacha kabisa mfereji wake wa kabichi. Kila nikipita mchana umefukiwa, na kila kiangazi kabichi zake ni kubwa kuliko za jirani.

Hapo ndipo lawama yangu kwa muuzaji inapokuwa kubwa. Kijitabu chake kiliandika kwamba maji yanayotoka "yanafaa kwa umwagiliaji", maneno matatu yasiyosema umwagiliaji wa nini. Vilevile hakutueleza kwamba, kwa mujibu wa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, anayeachia majitaka kwenye chanzo cha maji anatakiwa kuwa na kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kijito chetu huishia katika Ruaha Mdogo, mto unaopita Iringa mjini, kwa hiyo ofisi inayotuhusu ni ya Bonde la Rufiji. Tulijifunza habari hiyo kutoka kwa bwana afya.

Kunyonya tope ndiko kulikotugharimu. Mwaka wa tatu, baada ya sehemu ya mwanzo ya kitanda kugeuka uji mweusi na maji kuanza kutembea juu ya kokoto, tuliita gari la majitaka kutoka mjini. Lilikuja mara moja. Mara ya pili ilikuwa Februari, likakwama kwenye utelezi kilomita sita kabla ya kufika, likageuza. Mkandarasi alipopigiwa simu alisema kunyonya tope si sehemu ya dhamana, na kokoto kuziba ni "matumizi mabaya". Tuliondoa kokoto za mita mbili za mwanzo kwa makoleo, tukaziosha, tukazirudisha. Kisha tukajenga vitanda viwili vya kukaushia tope, vya mchanga juu ya kokoto na bomba la kurudisha maji karoni, vikiwa na paa la plastiki kwa ajili ya mvua. Sasa tope hutolewa kidogo kidogo kila Desemba shule ikifungwa, kwa pampu ya kukodi, na hatungoji tena gari wala barabara.

Tope likikauka huonekana kama udongo mweusi wa msituni, na mtu yeyote atatamani kulitia shambani. Mayai ya minyoo hayafi kwa kukauka wiki chache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka tope lihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili katika maeneo yenye joto la nyuzi 2 hadi 20, ilhali kwenye joto zaidi ya hapo mwaka mmoja na kitu unatosha. Sisi ni watu wa baridi, kwa hiyo tunangoja miaka miwili kamili, tope likiwa limerundikwa chini ya turubai na kibao chenye tarehe, na hata baada ya hapo tunalipeleka kwenye mipaini ya shule tu.

Nikitakiwa kugawa nyota, muundo wa mfumo naupa nne kati ya tano, kwa sababu umefanya kazi misimu mitano bila yuniti moja ya umeme na umeokoa njia ya zahanati. Ujenzi naupa tatu. Huduma baada ya kuuza naipa moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya lile bomba waliloziba bila kubishana. Kwa shule au kijiji chenye mteremko, maji ya kutosha ya kumwagia vyooni na watu wasiozidi mia chache, ningeununua tena kesho. Ningeandika kwenye mkataba jaribio la uvujaji la siku tatu mbele ya kamati, sampuli ya kokoto iliyofungwa kwenye mfuko na kutiwa saini kabla lori halijapakia, matete kupandwa baada ya mvua kuanza, vitanda vya tope kujengwa pamoja na karo na si baada ya janga, na sehemu ya fedha za mwisho kubaki mikononi mwetu hadi Julai ya kwanza ipite. Na katika bajeti ya kila mwaka ningeweka mshahara wa mtu mmoja wa saa mbili kwa siku, mwenye reki, buti, glavu na kijiti chenye alama cha kupimia tope.

Mwezi uliopita mkandarasi yuleyule alituma barua ya kutupa bei ya kitanda cha pili, kwa kuwa shule imeongeza kidato cha tano. Kijitabu kilichoambatanishwa ni kilekile, na bado kimeandika miaka mitano. Fundi wa kijiji ameshapima eneo, na mzee wetu ameanza kutenga mizizi ya matete kando ya kijito, ikingojea mvua za Novemba.